Bunda Wameitikia: Bi. Raya Hashimu Anakabidhi Laini

Bi. Raya Hashimu Pazi, Meneja wa Mawasiliano ya Sauti na Video wa Umoja wa Pamba Mwambao, anastaafu Jumatatu tarehe 30 Juni 2025 baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Aliingia akiwa opereta wa simu, akichomeka na kuchomoa waya kwenye swichibodi ya makao makuu Musoma. Anatoka akiwa msimamizi wa vikao vinavyowakutanisha watu wa Musoma, Bunda, Butiama na Kiabakari kwa wakati mmoja, wakisikiana na kuonana, kila mtu akiwa amekaa kwenye kiti chake mwenyewe. Hongera sana, mama!

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, Lilian Maige, fundi umeme wa karakana ya Bunda. Nasikia Musoma wamenuna kidogo. Wanasema wao ndio wamekaa naye jengo moja, wao ndio wamekunywa chai yake ya tangawizi miaka yote hiyo, iweje apewe mtu wa Bunda? Poleni, ndugu zangu. Chai mmekunywa nyie, lakini sisi karakana nzima tuko kazini leo kwa sababu yake, na nitaeleza ilikuwaje. Mwenye wivu aandike wake.

Bi. Raya ni mzaliwa wa Nyasho, palepale Musoma, binti wa Mzee Hashimu Pazi aliyekuwa na duka la vitambaa. Mzee yule alikuwa na utaratibu wake. Mteja akiingia anaamkiwa kwanza, anaitikia, anaulizwa habari za nyumbani, anajibu, ndipo kitambaa kinashushwa. Aliyeingia na kudakia bei alirudishwa mlangoni kwa upole aanze upya. Raya alikulia nyuma ya meza ile. Mwenyewe anasemaga kwamba kabla hajajua kupima kitambaa alishajua kupima sauti: anayeitikia upesi ana haraka zake, anayeitikia kwa mbali ana jambo moyoni, na asiyeitikia kabisa huyo hajakusikia, usimkasirikie, mwamkie tena. Naomba msomaji aishike hiyo ya mwisho, tutaihitaji huko mbele.

Alipoajiriwa mwaka 1991, simu ya kwenda Bunda ilikuwa na tabia zake. Siku ya upepo ilikoroma, siku ya mvua ilinyamaza, na siku ya kawaida ulilazimika kupaza sauti mpaka mishipa ya shingo isimame. Kuna meneja mmoja wa ununuzi, sasa ni marehemu, Mungu amrehemu, aliyekuwa akipiga kelele kwenye simu hadi wauza samaki wa nje ya geti wanajua bei ya pamba kabla ya wakulima. Bi. Raya alimwambia kwa heshima zote kwamba akiendelea hivyo afungue tu dirisha, Bunda watamsikia bila simu. Meneja alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo alimwachia opereta kazi ya kutafuta njia nzuri, na yeye akazungumza kama binadamu.

Mwaka 2006 Umoja ulimpeleka Dar es Salaam kusomea stashahada ya mawasiliano ya simu na mitandao. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na moja, ana watoto watatu nyumbani Kamunyonge, na darasani kwake wengi wangeweza kuwa wanawe. Mumewe, Mzee Kudura, fundi cherehani, alibaki akipika ugali na kuwashonea watoto sare za shule. Watoto wanasema sare zilikuwa safi sana, ugali tuuache. Bi. Raya alirudi na cheti cha daraja la kwanza, na hakuona sababu ya kukificha. Kilitundikwa ukutani juu ya swichibodi, mahali ambapo hata mkurugenzi angelazimika kukisoma akija kulalamika. Ukimpongeza alijibu kwamba ahsante, ni kweli alisoma.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Swichibodi ya zamani iliondolewa, simu zikahamia kwenye mtandao wa kompyuta, waya wa faiba wa mtandao wa kasi ukafika Musoma kisha Bunda, na mwaka 2016 tukapata vyumba vya vikao vya video katika vituo vyote vinne. Kila hatua aliiandikia maelezo, akaitetea mbele ya Bodi, na akaisimamia hadi taa ya mwisho ikawaka. Kiabakari walipoona sura za watu wa Musoma ukutani kwa mara ya kwanza, mzee mmoja wa chama cha msingi alisogea karibu na kioo akamkagua mhasibu mkuu, kisha akasema kumbe huyu anayechelewesha malipo yetu bado ni kijana mdogo hivi.

Kwa wale wasioijua kazi hii, nieleze kidogo, nami nimefundishwa na mwenyewe. Barua pepe ikichelewa nusu dakika hakuna anayeumia. Sauti ikichelewa hata nusu sekunde, watu wanaanza kugongana maneno: huyu anadhani mwenzake amenyamaza, anaingia, kumbe yule bado anaongea, na ugomvi unaanza bila mtu kukosea. Sauti husafiri mtandaoni ikiwa imekatwa vipande vidogo vidogo, na kila kipande kinatakiwa kifike kwa zamu yake. Kikichelewa, hakina kazi tena. Kwa hiyo Bi. Raya alipanga mtandao wetu uwe kama barabara kuu inavyoliachia njia gari la wagonjwa. Mafaili makubwa ya uhasibu, picha za harusi, mechi za mpira ambazo vijana wa ghala walidhani hazionekani, vyote vinasogea pembeni, sauti inapita. Vijana wa ghala walilia sana msimu ule. Yeye aliwaambia mpira wakautazame barazani kama wanaume wengine.

Halafu kuna masharti yake ya chumba cha kikao, ambayo nadhani kila mfanyakazi anayajua kuliko anavyojua namba yake ya simu. Karanga marufuku karibu na kipaza sauti. Bangili zivuliwe. Kiti kinachokwaruza sakafu kitolewe nje. Kuku wa Butiama aliyezoea kutagia chini ya meza ya mkutano alihamishwa kwa amri ya maandishi. Sisi Bunda ndio tulioteseka zaidi, kwa sababu chumba chetu kinapakana na kiwanda cha kuchambua pamba, na mashine zikinguruma Musoma wanadhani kuna ndege inatua. Bi. Raya alitushonesha mapazia ya magunia ya pamba, mazito kama godoro, na akaweka sheria kwamba dirisha la Bunda halifunguliwi kikao kikiendelea, hata jua liweje. Tulikuwa tunatoka mle tumelowa jasho. Fundi mkuu wetu, Masatu, alisema akifa aandikiwe kwenye msalaba kwamba ameuawa na pazia.

Lakini kilichomtambulisha zaidi ya yote ni salamu. Bi. Raya hakufungua kikao chochote, cha Bodi au cha kugawa sabuni, kabla hajaamkia kila kituo na kila kituo kuitikia. Si salamu ya mkato. Butiama, hamjambo? Mmeamkaje? Mvua imefika? Ng'ombe wanaendeleaje? Kiabakari, shikamooni wazee wangu. Bunda alituamkia Mwangaluka, Kisukuma chake kikiwa na lafudhi ya Nyasho, nasi tulimwitikia Mwangaluka kwa pamoja. Wageni waliona ni ukarimu tu. Kumbe wakati huo alikuwa amefumba macho, kidole kinagonga meza taratibu, anasikiliza. Jibu likichelewa, anajua njia ina msongamano. Likirudi na mwangwi, anajua kituo gani wameweka spika karibu mno na kipaza sauti. Likikatikakatika, anajua vipande vinapotea njiani. Mpaka anamaliza kuulizia ng'ombe, ameshapima mtandao mzima wa Umoja, na hakuna aliyehisi amepimwa.

Sasa nifike kwenye habari yenyewe.

Katikati ya msimu wa 2018, uongozi ulileta pendekezo la kuifunga karakana ya Bunda na kuihamishia Musoma. Kwenye karatasi lilipendeza: karakana moja kubwa, stoo moja, gharama zinapungua. Kwetu lilikuwa na maana nyingine. Tulikuwa watu kumi na tisa. Wachache wangehamishwa, waliobaki wangepewa barua za kwaheri. Mimi nilikuwa nimetoka uzazi mwaka huohuo. Masatu alikuwa anamuuguza mama yake palepale mtaani. Tulipanga hoja zetu vizuri, tukakubaliana nani aseme nini, tukaingia chumbani, tukafunga dirisha kama tulivyofundishwa, tukasubiri kikao cha Bodi.

Siku hiyo Bi. Raya alikuwa likizo, anamwoza binti yake. Upande wa mitambo, kikao kiliendeshwa na Meneja wa Uendeshaji, Bw. Lukas Mugeta, ambaye wakati huo alikuwa mgeni kwetu, mtu wa haraka, anayetembea kana kwamba ofisi inaungua. Yeye amenipa ruhusa ya kusimulia haya, na ameomba niongeze kwamba sasa amepunguza mwendo. Faiba ilikuwa imekatwa na watengeneza barabara, tukawa kwenye njia ya akiba iliyo nyembamba, kwa hiyo Bw. Mugeta aliagiza picha zizimwe, zibaki sauti tu. Hapo hakukosea. Kisha akatazama saa, akasema wamechelewa, salamu zitatolewa siku nyingine, twende kwenye ajenda.

Tulimsikia vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba wao hawakutusikia sisi. Wiki hiyo kifaa kipya cha ulinzi wa mtandao kilikuwa kimefungwa Bunda, na mpangilio wake uliruhusu sauti kuingia ukazuia sauti kutoka. Kwenye skrini ya Musoma taa yetu ilikuwa ya kijani, Bunda ipo, imeunganishwa. Mwenyekiti wa Bodi, Mzee Mihayo, aliuliza Bunda mna pingamizi. Tukasema tunayo! Akauliza tena. Masatu alisimama, akaomba nafasi kwa adabu, halafu bila adabu. Akauliza mara ya tatu. Jamani, tulipiga kelele chumba kizima, mimi niligonga meza kwa kiatu. Tulipiga simu za mkononi, lakini chumba cha Bodi kina desturi yake, simu zote zinawekwa kwenye kikapu nje ya mlango. Mlinzi anasimulia mpaka leo jinsi kikapu kile kilivyotetemeka. Yeye akakilinda, kwa sababu ndicho alichoambiwa akilinde. Tukasikia kwa masikio yetu Mzee Mihayo anasema vizuri, Bunda hawana pingamizi, tuendelee.

Sijawahi kuhisi uchungu kama ule. Kukataliwa ukisikilizwa ni jambo moja. Kuandikwa kwamba umekubali wakati koo limekauka kwa kukataa, hilo lilituumiza sana. Masatu alikaa chini, akafunika uso na kofia yake. Hakuna aliyekumbuka kufungua dirisha.

Bi. Raya alirudi kazini Jumatatu, mikono bado ina hina ya harusi. Kama kawaida yake ya asubuhi alizungukia vituo kwa salamu. Butiama wakaitikia. Kiabakari wakaitikia. Mwangaluka, Bunda. Kimya. Ameniambia mwenyewe kwamba kwanza alidhani tumemsusia kwa sababu kadi za harusi hazikututosha. Akaamkia tena. Kimya. Ndipo akachukua simu ya mkononi akampigia Masatu, na Masatu akamwaga yote, hakubakiza, na mengine si ya kuandikwa kwenye jarida la wafanyakazi. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza jambo moja tu: siku ya kikao, mliamkiwa? Masatu akasema hapana. Bi. Raya akasema basi, nakuja.

Mchana huo alikuwa Bunda. Kukiweka sawa kile kifaa kulimchukua muda mfupi kuliko kula chakula tulichompikia. Na hapa ndipo wengi wangeishia. Hitilafu imerekebishwa, ripoti fupi inaandikwa, maisha yanaendelea. Bw. Mugeta mwenyewe, kwa nia njema tu, alimshauri hivyo. Msomaji aelewe ni kwa nini. Mezani kwa Bodi kulikuwa na pendekezo jingine, la kukivunja kitengo cha Bi. Raya na kumpa kazi mkandarasi wa nje. Kilichokosekana ni sababu. Akienda kusema kwamba kikao cha Bodi kiliharibika kwa mtandao, sababu atakuwa amewapelekea yeye mwenyewe, kwenye sinia.

Alikwenda. Alimwambia Mzee Mihayo, na mhazini alikuwepo akasikia: "Mwenyekiti, mtandao wangu ndio ulioziba mdomo wa Bunda. Asiyeitikia hajakubali, hajakusikia. Kikao kile hakikuwa na Bunda, naomba kirudiwe." Mzee Mihayo ni mtu wa maneno machache. Aliuliza kama anajua anachokiomba na kinaweza kumgharimu nini. Akajibu kwamba anajua. Mzee akampa Alhamisi.

Alhamisi ile faiba bado ilikuwa haijaungwa. Njia ni ileile nyembamba ya akiba. Wajumbe wa Bodi walikaa wote, wengine wamekuja kusikiliza hoja ya karakana, wengine, tuseme ukweli, wamekuja kuona kama mama atakwama. Mzee Mihayo alitaka sura yake ionekane vituoni, na Bi. Raya akamkubalia. Kisha akaanza, bila haraka, na Bw. Mugeta safari hii amekaa mikono imekunjwa mapajani. Butiama, hamjambo? Hatujambo. Kiabakari, shikamooni. Marahaba. Bunda, Mwangaluka!

Tuliitikia watu wote wa karakana, na wapishi, na mlinzi wa geti aliyekuja kusaidia sauti. Wanasema Mzee Mihayo aliruka kwenye kiti. Lakini Bi. Raya hakufurahi. Alikuwa amefumba macho, na katika Mwangaluka ile alisikia vipande vinapotea. Akauliza habari za watoto. Tukajibu, sauti inakatikakatika. Akauliza habari za pamba. Ikazidi. Hapo akafanya kitu ambacho Musoma wanakisimulia hadi leo. Alisimamisha barua pepe za makao makuu yote. Akasimamisha uhasibu. Na ilipobaki kidogo, akazima picha ya Mwenyekiti wa Bodi. Mzee Mihayo alijitazama ukutani akaona amekuwa giza. Bi. Raya akamwomba radhi, akamweleza kwamba nafasi ya sura yake ameipa sauti ya Bunda. Mzee akafikiri, akasema sura yake Bunda wanaifahamu, endelea mama.

Hoja zetu zikaanza kufika, safi, neno kwa neno. Na katikati ya hoja, Masatu akiwa ndiyo kwanza anaeleza gharama za kusafirisha vipuri, mashine namba nne ya kiwanda ikaanza kulia. Si kunguruma, kulia, mlio mwembamba unaopenya hata pazia la gunia. Mwenye kazi yake anaujua, beringi inakufa. Masatu aliikata sentensi yake katikati. Sisi tulitazamana. Mmoja wetu alikimbilia pazia kulibana zaidi, maana tulijua jinsi mama anavyochukia kelele.

Ndipo tukamsikia kwenye spika: "Fungueni dirisha."

Tulidhani hatujasikia vizuri. Akarudia, fungueni dirisha, toeni na mapazia yote, Bodi isikie. Yule mwanamke aliyetupika kwenye jasho miaka miwili kwa ajili ya ukimya! Nilifungua mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Mlio ukaingia chumbani kwetu na ukatokea Musoma mbele ya wajumbe, wakaziba masikio. Masatu aliomba ruhusa, Mwenyekiti, nina kazi kidogo, akatoka mbio, vijana wake nyuma. Bodi ikasikia mashine inazimwa. Ikasikia nyundo, spana inaanguka, Masatu anamtukana mtu kwa upendo. Nilibaki kwenye kipaza sauti nikiwaeleza kinachoendelea kama mtangazaji wa mpira, sasa wanatoa mkanda, sasa beringi mpya imetoka stoo, inaingia, imeingia. Wajumbe wakaletewa chai, wakanywa huku wanasikiliza. Kabla vikombe havijapoa, mashine namba nne iliwashwa, na ikanguruma ule mngurumo wake mzito, wa afya.

Masatu akarudi mikono imejaa grisi, akaendelea na sentensi yake palepale alipoiachia. Hakuwa na haja. Mjumbe mmoja aliuliza, kama karakana ingekuwa Musoma, kazi ile ingechukua muda gani. Bw. Mugeta ndiye aliyejibu, na kwa hilo tunamheshimu. Alisema siku mbili kama lori lipo, na lori halipo. Mzee Mihayo akauliza kwa mara nyingine, Bunda, mna pingamizi? Sauti iliyotoka pale sina uwezo wa kuiandika. Waliokuwa Musoma wanasema spika ilidondoka kutoka mezani.

Pendekezo la kufunga karakana liliondolewa siku hiyohiyo. La kukivunja kitengo cha mawasiliano halikusomwa tena. Na kwenye kanuni za vikao vya Umoja kuliongezwa kifungu kimoja, kilichopendekezwa na Bw. Mugeta kwa mkono wake: hakuna kikao kitakachofunguliwa kabla kila kituo hakijaamkiwa na kuitikia. Siku hizi Bw. Mugeta akishika salamu, tunamwomba apunguze. Anauliza hadi habari za mashemeji.

Baada ya hapo Bi. Raya hakukaa kitako kufurahia sifa, ingawa sifa alizipokea zote, hakurudisha hata moja. Mwaka 2020, mwaka ule wa barakoa, vikao vyote vya Umoja vilihamia kwenye mikono yake, na msimu wa pamba haukusimama hata siku moja. Wakulima wa vijiji vya ndani walianza kuzungumza na wataalamu wa mbegu kupitia vituo vyetu, wakionyesha majani yenye wadudu mbele ya kamera. Amefundisha waendeshaji wa vikao katika vituo vyote, na mrithi wake, Bi. Jeska Clementi, ana masikio ambayo mwenyewe anasema yanakaribia yake. Kukaribia, amesisitiza niandike hivyo.

Wapo watakaouliza atafanya nini sasa. Anasema atalifufua duka la baba yake pale Nyasho, yeye akiuza vitambaa na Mzee Kudura akishona palepale. Mnaopanga kwenda kununua, jiandaeni kuamkiwa. Anayedakia bei atarudishwa mlangoni.

Bi. Raya, mama yetu, ahsante. Ahsante kwa masikio yako, kwa ukali wako, kwa chai ya tangawizi ambayo hatimaye na sisi tutaionja. Ahsante kwa siku uliyoweka kazi yako mezani ili watu kumi na tisa wasikike. Mimi binti yangu yuko darasa la pili, anasoma Bunda, analala nyumbani kwake, na jina tulilomwongezea baada ya Alhamisi ile ni Raya. Tunakuombea afya, amani nyumbani, na wateja wanaojua kuitikia. Uishi vema, mama, na miaka mingi.

Kuhusu hafla yenyewe, wasomaji wazingatie mabadiliko haya. Ukumbi wa Musoma umepambwa, keki ipo, Bodi itakuwepo, lakini mgeni wa heshima hatakuwepo ukumbini. Aliulizwa anataka kukaa wapi katika kikao chake cha mwisho, akachagua kituo chetu. Miaka thelathini na minne ameamkia wengine, hajawahi hata siku moja kuwa upande wa kuamkiwa. Kwa hiyo Jumatatu atakaa katikati yetu, karibu na Masatu, dirisha limefunguliwa, mashine namba nne inafanya kazi. Bi. Jeska ataanza na Butiama, kisha Kiabakari. Halafu atafumba macho, atagonga meza kwa kidole, na ataamkia Bunda. Sisi wote tumekubaliana kunyamaza, ataitikia yeye peke yake.